Mzigo Hupimwa kwa Kuinuka

Isevya, Tabora
14 Juni 1971

Batuli mke mwenzangu,

Zimepita Idi sita hujakanyaga kizingiti changu. Nimezihesabu kwa vidole, mkono mmoja haukutosha. Usiniandikie habari za nauli. Vibibi vya Ujiji vinapanda garimoshi na vikapu vya dagaa, vinafika Dar es Salaam, vinauza, vinarudi, na kwao ni mbali kuliko hapa. Wewe una mshahara wa serikali na miguu miwili niliyoikanda mimi kwa mafuta ya nyonyo tangu mama yako alipokuacha mikononi mwangu, hata meno huna. Leo miguu hiyo haijui njia ya Tabora.

Anayeandika ni Bernadeta, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mchana anashona, jioni anawafundisha wazee wenzangu a, e, i, o, u. Amenishawishi niende. Nimemwambia kwa umri niliofikia, herufi zikinitaka zinifuate nyumbani. Basi mimi nasema, yeye anaandika, na nikisema kali asilainishe. Nimemwapisha.

Sisi huku wazima. Bati la jikoni limetoboka lakini mvua zimeshakwisha, kwa hiyo halinisumbui mpaka mwisho wa mwaka. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Mama yako mdogo Minza, yule wa Choma, amehamia kijiji kipya cha ujamaa huko huko. Anasema nyumba zimepangwa mstari kama meno, jirani akikohoa anamwitikia. Ameniletea michembe, viazi vyetu vya kukausha, debe zima. Mimi ni mzima. Maji siku hizi anachota Bernadeta, kwa kupenda kwake.

Neno langu ni hili. Mabruki wa stesheni kaniletea kanga uliyomkabidhi. Nzuri, Mungu akuzidishie. Lakini kaniambia umekonda, na ulipoulizwa unakuja lini ulijibu kuwa mashine haikupi nafasi. Mashine gani hiyo isiyojua kwamba mtu ana kwao? Cherehani nazijua, kinu cha kusaga nakijua, vyote jioni vinanyamaza na mtu anakwenda kwao. Nieleze nielewe. Usinifiche kwa maneno ya shule.

Bibi yako,
Tatu binti Lugembe

*

Dar es Salaam
2 Julai 1971

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema pamoja na mbuzi wako na mapacha wake. Mpe Bernadeta salamu zangu, na umwambie nimesoma kila neno kali, hakuna lililolainika.

Nimekosa, Bibi. Idi sita ni nyingi. Sina la kujitetea, ila nitakueleza mashine, kwa kuwa umeniuliza.

Inaitwa kompyuta. Inakaa katika chumba cha peke yake chenye baridi kama alfajiri ya Juni huko kwetu, hata mchana wa jua kali. Ni makabati makubwa yaliyopangwa ukutani. Kazi yake ni kukumbuka. Zahanati zote za mikoani, kila moja imepewa dawa gani, imebakiwa na nini, lori lipeleke nini safari ijayo, yote hayo yanaandikwa juu ya sahani nyeusi za duara, pana kama sinia la pilau, zinazozunguka kwa kasi ndani ya kabati. Tunaziita diski. Tunazo mbili na zimejaa. Zimekuja nyingine mbili kwa meli ili mashine ikumbuke zaidi.

Sasa kazi niliyopewa. Kompyuta na diski zake hazili umeme wa ukutani moja kwa moja. Liko sanduku la chuma linalopokea umeme na kuugawa, kila kabati kwa kiasi chake. Sanduku hilo liliundwa kwa diski mbili. Mkuu wetu, Ndugu Modest, ameniambia nichunguze kama litazibeba nne, nitie sahihi kwenye karatasi, na sahihi hiyo ndiyo itakayotegemewa. Anataka diski zote ziwashwe mbele ya wageni wiki ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, nchi itakapotimiza miaka kumi.

Mimi ni mwanamke wa kwanza kushika bisibisi katika chumba hiki. Fundi wetu mkubwa, Mzee Ngollo, ni mpole, lakini wengine wananitazama kama watu wanaosubiri sufuria ifurike.

Hesabu nimeshaianza na inanipendeza. Umeme wa namna hii tunaupima kwa ampea. Sanduku linabeba ampea thelathini. Kompyuta inakula nane. Kila diski, kwa namba iliyopigwa chapa mgongoni mwake, inakula tatu. Nne zinakula kumi na mbili. Ishirini jumla. Zinabaki kumi za kupumulia. Nikishatia sahihi nitaomba likizo, nije.

Ukipata nafasi niambie kwa nini Bernadeta ndiye anayechota maji. Wewe hukubali mtu aguse ndoo yako.

Mjukuu wako,
Batuli

*

Isevya
25 Julai 1971

Batuli,

Marahaba. Barua imefika, Bernadeta kanisomea mara tatu. Ya kwanza sikuelewa, ya pili nilielewa, ya tatu nilikasirika.

Habari za kwetu ni njema. Kuku wa jirani anakuja kutaga kwangu, nami simfukuzi. Unamwita mkubwa wako ndugu. Kwani mmenyonya titi moja? Najua, ni siasa, nimeisikia redioni. Lakini ndugu hamwambii ndugu yake atie sahihi halafu yeye akae pembeni kutazama.

Ya ndoo yaache.

Sasa sikiliza. Baba yangu Lugembe alikuwa mpagazi, na baadaye mnyampara wa wapagazi. Njia ya kutoka hapa kwenda Bagamoyo aliijua kwa nyayo zake. Kabla ya safari vijana walikuja kuomba kazi, kila mmoja anatunisha kifua na kusema mimi natembea siku nzima na pembe begani. Baba hakuwauliza habari za kutembea. Alimchuchumaza kijana chini, akamtwika mzigo, akamwambia inuka peke yako. Akainuka. Chuchumaa tena, inuka. Mara tatu. Aliyeinuka mara tatu alimwandika. Aliyetetemeka magoti alimrudisha kwa mama yake, hata angekuwa na mabega ya nyati.

Alikuwa akisema, mzigo ukishakaa begani na miguu imeshika mwendo, unakuwa mwepesi kuliko ulivyo. Mtu anapoinuka nao kutoka ardhini ndipo unapokuwa mzito kuliko ulivyo. Mgongo unavunjika pale, kabla safari haijaanza. Kwa hiyo asubuhi ngoma ikilia hawakuinuka wote kwa mpigo. Alianza mmoja, akisimama sawasawa anamshika mwenzake mkono, naye wa pili anamshika wa tatu, mpaka msafara mzima uko wima.

Wewe umenihesabia sahani zinapozunguka. Hizo tatu tatu ni za kutembea. Za kuinuka ni ngapi? Hukuniambia. Ama hukujua, ama namba ya mgongoni haisemi. Mimi sijasoma, labda vyuma vina tabia nyingine. Lakini kitu kizito kilicholala, ukikiambia kizunguke kwa kasi, sioni kitakachokizuia kugoma kidogo kwanza.

Usitie sahihi kabla hujakiona kikiinuka.

Bibi yako,
Tatu binti Lugembe

*

Isevya
3 Oktoba 1971

Batuli,

Miezi miwili na zaidi. Nimetuma maneno yangu, nimengoja, posta wanasema hakuna. Mabruki wa stesheni nimemuuliza mpaka ananikwepa, akiniona anaingia ndani ya behewa. Kama nilikukera na habari za baba yangu, nijibu kwa hasira. Hasira naiweza. Kunyamaza siwezi.

Sisi wazima. Mwezi wa Shaabani umefika kati, Ramadhani inabisha hodi, unga wa futari nimeshatwanga. Nimetwanga nimekaa, ni mtindo mpya.

Minza alikuja kutoka Choma wiki iliyopita. Mwanawe mdogo alishikwa homa ya kutetemeka usiku na mchana, akampeleka zahanati ya kijiji akijua ataambiwa dawa hakuna, maana mwaka jana waliambiwa hivyo mara nne. Safari hii wakampa. Mganga akamwonyesha karatasi iliyokuja na lori, imechapwa kwa herufi za mashine, jina la Choma juu na dawa zimeorodheshwa chini. Mtoto yupo, kapona, hapa alivunja bakuli langu la udongo.

Nikamwambia Minza, karatasi ile ni ya Batuli. Akacheka. Nikamwambia usicheke. Ziko sahani mbili zinazunguka Dar es Salaam, ndizo zinazoijua Choma.

Basi naelewa sasa kwamba si mchezo. Ndiyo maana nakuuliza tena. Umezipima zikiinuka? Umetia sahihi?

Bibi yako,
Tatu binti Lugembe

Batuli, haya chini ni yangu mimi Bernadeta, Bibi kadhani nafunga bahasha. Alianguka mwezi wa Mei. Alikuwa nyuma ya nyumba, kajifunga mzigo wa kuni, akainuka nao peke yake wala hakuita mtu, nyonga ikamsaliti. Anatembea kwa fimbo, na kukaa na kusimama ni kazi. Hospitali hataki kuisikia. Kanikataza nisiandike. Dhambi hii nitaiungama Jumamosi.

*

Dar es Salaam
20 Oktoba 1971

Bibi,

Shikamoo. Ramadhani njema, najua mwandamo ni leo au kesho. Namshukuru Mungu kwa mtoto wa Minza. Bakuli nitalilipa mimi.

Hukunikera. Nilinyamaza kwa aibu, nami nitakueleza bila kujificha.

Barua yako ya Julai ilifika nikaisoma ofisini wakati wa chai nikacheka. Niliwasomea hata wenzangu kipande cha kijana kuchuchumaa na pembe, nao wakacheka. Tarehe ishirini Agosti nikatia sahihi. Niliandika kwa mkono wangu kwamba sanduku linabeba diski nne bila wasiwasi wowote. Neno "wowote" nililiongeza mimi, hakuna aliyeniomba.

Septemba tulizifunga diski mpya. Jumamosi moja nilibaki peke yangu kufagia vipande vya nyaya, na maneno yako yakanijia. Nikasema nijaribu tu, niweze kukuandikia kwamba vyuma si wapagazi. Nikaunga kipima umeme kwenye diski moja, nikaiwasha. Mshale ukaruka hadi tisa, ukakaa pale nikihesabu moja hadi kumi, ndipo ukashuka hadi tatu. Nikaizima, nikangoja, nikaiwasha tena. Tisa. Mara ya tatu, tisa.

Namba ya mgongoni ni ya mwendo, kama ulivyosema. Zikiinuka nne kwa pamoja ni thelathini na sita, na nane za kompyuta ni arobaini na nne. Sanduku ni la thelathini. Na Ndugu Modest ameshapanga kwamba tarehe tisa mgeni wa heshima atabonyeza kitufe kimoja tu na zote nne ziamke.

Si kwamba taa zitazimika kisha tuwashe tena tucheke. Juu ya kila sahani pana kidole kidogo kinachosoma, kinaelea karibu kuliko unene wa unywele. Umeme ukikatika ghafla vibaya, kidole kinaweza kuigusa sahani na kuikwangua. Kikikwangua palipoandikwa Choma, hakuna Choma.

Nilimwonyesha Mzee Ngollo. Akatikisa kichwa akaniambia ninyamaze. Alisema siku hiyo fyuzi itaungua, atalaumiwa aliyeshika waya siku hiyo, nami sahihi yangu iko ndani ya faili, hakuna afunguaye faili. Najua alisema hivyo kwa kunihurumia. Nikikiri, watasema walijua tangu mwanzo. Pia jina langu liko katika orodha ya watatu wanaofikiriwa kwenda kusoma Uingereza mwakani.

Tangu siku ile sikuweza kukuandikia. Ningeandika nini?

Na wewe Bibi, mwezi wa Mei hadi leo, unatwanga umekaa, unaniambia ni mtindo mpya. Bernadeta usimgombeze. Aliandika alichopaswa kuandika.

Mjukuu wako,
Batuli

*

Isevya
2 Novemba 1971

Batuli,

Marahaba. Tunafunga salama. Bernadeta hafungi lakini futari anaila kuliko sisi tunaofunga. Nilimnyima uji wa tende siku mbili kwa sababu ya ulimi wake, ya tatu nikachoka mimi. Sasa hivi anaandika haya huku anacheka.

Ni kweli nilianguka. Binti wa Lugembe, niliyeambiwa tangu sijaota meno kwamba mzigo usiinuke nao peke yako, niliona kuni ni kuni, nikaona nimezoea, nikaona kumwita mpangaji anishike mkono ni haya. Nikainuka peke yangu. Nyonga ikalia kama kijiti kikavu. Nililala pale chini kwa muda mrefu nikitazama mchwa. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia nini? Umeyasema mwenyewe.

Kwa hiyo usidhani bibi yako alikuwa anafundisha kutoka mbali. Nilipokuandikia Julai nilikuwa nayasema haya huku nimekaa upande mmoja wa tako.

Sasa tusizunguke. Utakwenda kwa Modest. Usimwambie "labda," usimwambie "naona kama." Mwambie nilipima mzigo ukiwa mwendoni, nikasema uongo bila kujua, sasa najua. Na usiende mikono mitupu na kosa lako peke yake, mtu akiletewa kosa tupu anatafuta pa kulitupa. Nenda na njia. Kwani lazima ziinuke pamoja? Nani kasema? Iinuke moja, isimame, iwe inakula tatu zake za mwendo, ndipo iinuke ya pili. Mimi hesabu sijui, ila Bernadeta kanipigia hapa kwa njugu mkekani. Ya mwisho ikiinuka, tatu zilizosimama zinakula tisa, yenyewe tisa, kompyuta nane. Njugu ishirini na sita. Thelathini hazikufika. Kama Bernadeta amekosea mtukane yeye.

Watakuita mwanamke. Wewe ni mwanamke. Hilo si tusi mpaka ukubali liwe.

Ya Uingereza sijui nikuambie nini, sijawahi kufika hata Dodoma. Ila ujue hivi, mtoto wa Minza hakupona kwa sahihi yako. Alipona kwa sahani isiyokwanguliwa.

Na tuwekeane ahadi. Siku utakayonijulisha umeingia kwa Modest ukasema, mimi nitapanda baiskeli ya Mabruki mpaka hospitali na nitawaacha waishike nyonga yangu. Usiposema, siendi. Nakujua. Hutaniacha nioze.

Bibi yako,
Tatu binti Lugembe

*

Dar es Salaam
15 Desemba 1971

Bibi yangu,

Shikamoo. Idi ilinipita kazini tena, nisamehe hiyo ya saba. Bernadeta hakukosea. Ni ishirini na sita.

Niliingia kwa Ndugu Modest tarehe kumi na mbili Novemba. Nilimweleza kama ulivyoniagiza, nikamwekea mezani karatasi ya pili niliyoiandika mimi inayofuta ile ya kwanza, yenye namba za kuinuka, na mchoro wa swichi nne mahali pa moja. Alisoma mpaka mwisho. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema Mzee Ngollo, na bibi yangu. Akadhani nafanya mzaha.

Akaniambia, "Karatasi ya kwanza nimeshaipeleka juu."

Nikamwambia, "Basi na ya pili iende huko huko."

Akasema kitufe ni kimoja, kimeandikwa kwenye ratiba, na ratiba imeshachapwa. Nikamwambia ratiba inaweza kuchapwa tena, Choma haiwezi. Hakuelewa Choma ni nini, wala sikumweleza. Akanyoosha mkono akataka ufunguo wa chumba cha mashine. Nikampa. Kwa wiki tatu nilikaa stoo nikipanga maboksi ya kadi za karatasi zinazolishwa mashine, na wale waliosubiri sufuria ifurike walipita mlangoni mmoja mmoja kunipa pole. Sikuwajibu vibaya, lakini sikuwajibu sana.

Nilipokuwa stoo nilikataa jambo moja. Watu wa ofisi ya Ndugu Modest walikuja na karatasi ya tatu, nitie sahihi kwamba karatasi ya pili niliiandika nikiwa mgonjwa. Nilirudisha kalamu yao.

Tarehe nne Mzee Ngollo alikwenda mwenyewe na kipima, bila kutumwa, akawasha diski moja mbele ya Ndugu Modest. Mshale ukaruka. Sikuwapo, kanisimulia. Anasema alimwambia tu, "Mimi ndiye niliyemshauri anyamaze. Nilikosea." Kesho yake nikarudishiwa ufunguo. Ndugu Modest aliuweka mwenyewe juu ya boksi la kadi akaondoka. Nilifunga swichi nne kwa siku tatu.

Tarehe tisa mgeni alibonyeza ya kwanza. Diski ikavuma ikapanda. Akanyoosha kidole kwenye ya pili, nami nikamwomba angoje, nikahesabu kumi kwa sauti. Ndugu Modest alitazama viatu vyake. Mgeni akaniuliza kwa nini tunangoja. Nikamwambia, "Hii ya kwanza ndiyo imesimama, mzee. Sasa ya pili inaweza kuinuka." Akacheka, akahesabu na mimi mpaka ya nne. Mshale haukuvuka ishirini na sita.

Hakuna aliyenishukuru. Karatasi yangu ya kwanza bado imo kwenye faili ikiwa na mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa "si makini." Uingereza anakwenda mwingine. Majina yalibandikwa jana. Nilisoma, nikarudi ndani nikawasha diski zangu, moja, mbili, tatu, nne.

Nimepewa likizo ya siku kumi na nne kuanzia ishirini Januari.

Mimi nimeshaingia kwa Modest. Umepanda baiskeli?

Mjukuu wako,
Batuli

*

Isevya
2 Januari 1972

Batuli mke mwenzangu,

Marahaba, mara nyingi.

Barua yako ilikuja tarehe ishirini na tatu. Bernadeta aliisoma mpaka pale pa karatasi ya tatu na kalamu kurudishwa, akaacha kusoma, akaenda kusimama uani. Mimi nilibaki nimekaa. Nikamwita, nikamwambia rudi umalize, machozi hayafungi swichi.

Hao walioandika "si makini," waache. Wino ni wao. Uingereza haijahama, na kama itahama, hutakosa kazi. Nimewaambia watu wa hapa Isevya kwamba mjukuu wangu alirudisha kalamu. Wengine wameuliza kalamu gani. Nimewaambia ndefu.

Nilipanda baiskeli. Nilikuwa nimeapa, na Mabruki alikuja asubuhi yake na mto wa kukalia, Bernadeta anasukuma nyuma, barabara nzima inatuamkia. Daktari ni kijana, mikono yake ya baridi. Akaniuliza nilianguka lini. Nikasema Mei. Akaweka kalamu chini. Anasema mfupa umejiunga vibaya na hauwezi kuunganishwa upya kwa umri wangu, ila maumivu yatapungua nikitii. Kanipa vidonge na masharti. Nisibebe. Nisiiname. Nisikae chini kwenye mkeka, nikae kitini kama mzungu. Nilimuuliza mpaka lini. Akanishika bega.

Sikulia pale. Nimelia njiani, Mabruki akajidai anatazama magurudumu.

Haya nakuambia wewe peke yako, na Bernadeta kwa kuwa kalamu ni yake. Watu wengine nimewaambia nina baridi yabisi.

Basi njoo. Idi ya kuchinja itakukuta hapa, hiyo nitaihesabu upya kuanzia moja. Usije na zawadi, wala usikae sebuleni kungoja chai kama mgeni. Vua viatu mlangoni, pita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba. Karanga zangu zimezidiwa na magugu, na mimi siwezi kuinama. Anza na matuta ya upande wa choo, ndiyo yaliyo hoi. Nitatoka na kiti changu nikae juani karibu yako, na shikamoo yako utanipa huku unapalilia.

Bibi yako,
Tatu binti Lugembe